Tone la damu na ugonjwa wa kifua: historia ya vipimo vinavyotabiri nani atazidiwa

GOMA – Wagonjwa wawili wanakaa kwenye benchi moja la kituo cha afya. Wote wana homa, wote wanakohoa, wote walianza kuugua siku ya Jumapili. Muuguzi anawasikiliza kifua, anawapima malaria kwa TDR, haoni kitu. Mmoja wao atarudi nyumbani, atakunywa chai ya tangawizi, na baada ya juma moja atakuwa ameshika jembe. Mwingine, ikifika siku ya nane, hataweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, na siku chache baadaye familia itakuwa inatafuta mbao za sanduku. Siku ile ya kwanza, kwa kuwatazama tu, hawakuwa na tofauti.

Nani kati yao atazidiwa? Kwa mtu anayeishi mjini, karibu na hospitali kubwa, hilo ni swali la kusubiri na kuona. Kwa familia iliyokimbia vita na kulala chini ya turubai juu ya mawe ya volkano, ni swali la pesa ya pikipiki, la barabara kama iko wazi ama imefungwa, na la mtungi mmoja wa oksijeni unaogombaniwa na watu watano. Haiwezekani kumpeleka kila anayekohoa kwenye hospitali kuu. Na yule asiyefaa kuachwa, akiachwa, anazikwa.

Kwa zaidi ya miaka 100 waganga na watafiti wamekuwa wakitafuta jibu la swali hilo ndani ya damu. Historia hiyo ina mafanikio, ina makosa, na Kongo imo ndani yake kuliko wengi wanavyojua.

Kwanza, hofu ya sindano

Habari ya damu haianzii kwenye maabara. Inaanzia kwenye hofu. Wakati wa Wabelgiji, vikosi vya kupambana na ugonjwa wa malale vilizunguka vijiji, vikapanga watu mistari, vikawapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, vikawachoma sindano bila kueleza sana. Katika Katanga ya miaka ile watu walisimuliana habari za batumbula, watekaji wa usiku waliosemekana kutumwa na Wazungu. Kwenye pwani ya Tanganyika na Kenya walisema mumiani, wanyonya damu. Hakuna aliyewahi kuonyesha damu iliyonyonywa, lakini hadithi haikutoka hewani: ilitoka kwa watu waliochukuliwa vitu mwilini na hawakurudishiwa maelezo.

Hofu hiyo ilirudi Beni na Butembo wakati wa Ebola, ikarudi tena wakati wa Covid-19: “Wanachukua damu waende kuuza.” Ukweli wa kipimo ni mdogo kuliko uvumi. Mtu mzima ana damu karibu lita 5. Kichupa cha maabara kinachukua mililita chache, sawa na kijiko kidogo cha chai, na mwili unairudisha wenyewe. Lakini ukweli huo unaaminika pale tu mgonjwa anapoambiwa damu yake inatafutwa nini, na jibu linaporudi kwake.

Damu inayozama haraka

Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi kuliko vyote. Mwaka 1897, mjini Warsaw, daktari Edmund Biernacki aliona kwamba damu ikiwekwa ndani ya kichupa na kuachwa imesimama, chembe nyekundu huzama chini polepole na maji ya njano hubaki juu. Akaona pia kwamba kwa wagonjwa wengine chembe huzama haraka kuliko kwa wazima. Mwaka 1918, kule Sweden, Robin Fåhraeus aliliona jambo hilo hilo kwa wanawake wenye mimba. Mwenzake Alf Westergren akalipeleka kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 1921 akaeleza namna ya kulipima kwa mrija mwembamba: milimita ngapi zimezama kwa saa moja.

Wanamaabara wa Kongo wanakijua kipimo hicho kwa jina la VS, na bado kinaandikwa kwenye karatasi za hospitali nyingi. Hakihitaji umeme. Kinahitaji mrija, saa na mtu mvumilivu. Kasoro yake ni moja: kinasema mwili una vita, lakini hakisemi vita gani. Kifua kikuu, mimba, upungufu wa damu, vyote vinaweza kuipandisha VS.

Mwaka ule ule wa 1918, dunia ilipigwa na homa ya mafua iliyoitwa ya Hispania. Kongo haikupona. Ugonjwa uliingia mwishoni mwa mwaka kupitia bandari za magharibi, na kupitia reli ya kusini iliyopandisha watu na mizigo hadi Katanga. Waganga wa wakati huo walikuwa wanasema bakteria ndiyo chanzo. Kirusi cha mafua ya binadamu kilipatikana London mwaka 1933 tu. Lakini walipohesabu chembe nyeupe za damu waliona jambo la ajabu. Katika nimonia ya kawaida chembe hizo huongezeka. Katika mafua yale, kwa wagonjwa wengi zilikuwa zimepungua. Hawakujua maana yake. Maana ilikuja kueleweka vizuri miaka mingi baadaye.

Kitu cha ajabu kwenye damu ya New York, 1930

Mwaka 1930, kwenye Taasisi ya Rockefeller mjini New York, William Tillett na Thomas Francis walikuwa wanachunguza nimonia, ugonjwa uliokuwa unaua watu wengi kwa sababu antibiotiki zilikuwa bado. Walichukua maji ya damu ya wagonjwa, wakayachanganya na sehemu moja ya bakteria wa nimonia waliyoiita sehemu C. Mchanganyiko ukaganda na kufanya utando. Wakafanya vile vile kwa mgonjwa aliyepona: hakuna utando.

Wenyewe walitazamia kuona kinga. Lakini kinga hubaki baada ya mtu kupona, na kitu hiki kilikuwa kinaondoka. Kilipatikana mgonjwa alipokuwa mahututi, kikatoweka alipopata nafuu. Baadaye watafiti wakakiona hata kwa wagonjwa wa maradhi mengine yasiyohusiana na nimonia. Mwaka 1941, Oswald Avery na wenzake katika taasisi ile ile walionyesha kuwa ni protini ya mwili wenyewe, na ikaitwa protini C, yaani CRP.

Leo inajulikana kwamba CRP hutengenezwa na ini. Mtu akipata ambukizo kali, huanza kupanda baada ya saa chache na kufika kileleni baada ya kama siku mbili. Mtu mzima mwenye afya ana miligramu chache tu kwa lita ya damu. Anayezidiwa anaweza kupita 100 ama 200. Ni kama moshi wa jiko: hauonyeshi chungu kina nini, lakini unaonyesha moto ni mkubwa kiasi gani.

Nani anaiambia ini ianze kazi? Jibu lilipatikana Japani. Mwaka 1986 kundi la Tadamitsu Kishimoto na Toshio Hirano, mjini Osaka, lilitambua kijumbe kidogo ambacho baadaye kiliitwa interleukini-6. Chembe za mwili hukituma kama baragumu: adui ameingia. Ini hulisikia na kutoa CRP. Shida inakuja pale baragumu linapopigwa bila kunyamaza. Hapo askari wa mwili huanza kuchoma nyumba waliyokuja kuilinda, na nyumba hiyo mara nyingi ni mapafu. Hilo ndilo lililokuja kuwaua wagonjwa wengi wa magonjwa ya virusi vya kifua: siyo kirusi peke yake, bali vita ya mwili isiyokuwa na kiasi.

Hong Kong 2003, Wuhan 2020

Mwaka 2003 ugonjwa mpya wa SARS ulienea kutoka kusini mwa China hadi Hong Kong. Waganga wa hospitali ya Prince of Wales waliandika habari za wagonjwa 138. Walikuta limfosaiti, aina ya chembe nyeupe zinazopigana na virusi, zimepungua kwa karibu wagonjwa 7 kati ya 10. Na walikuta mambo matatu yanayoelekea mauti: umri mkubwa, wingi wa aina nyingine ya chembe nyeupe siku ya kulazwa, na kupanda kwa LDH. Hii LDH ni kimeng’enya kinachokaa ndani ya chembe za mwili. Kikionekana kwa wingi ndani ya damu, maana yake chembe zinapasuka, kama maharagwe yanayomwagika kwenye gunia lililotoboka.

SARS ilizimwa mwaka ule ule, na wengi wakasahau. Miaka 17 baadaye, Januari 2020, hospitali ya Jinyintan mjini Wuhan ilijaa. Ripoti ya kwanza kubwa, iliyotoka tarehe 24 Januari, ilihusu wagonjwa 41, na 26 kati yao walikuwa na upungufu wa limfosaiti. Mwezi wa Machi ikaja ripoti nyingine ya wagonjwa 191 kutoka hospitali mbili za mji huo. Katika hao 54 walikufa. Waliokuwa na D-daima zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita siku ya kulazwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi. D-daima ni vipande vinavyobaki pale damu iliyoganda inapoyeyushwa. Ikiwa nyingi, maana yake damu inaganda ndani ya mishipa, na Covid-19 ilikuwa inafanya hivyo hasa ndani ya mapafu.

Basi, hadi katikati ya 2020, dunia ilikuwa na alama nne zilizokuwa zinasema jambo moja kwa sauti tofauti: limfosaiti chini, CRP juu, LDH juu, D-daima juu. Mgonjwa mwenye alama hizo, hata akiwa bado anatembea na kuongea, hakuwa wa kurudishwa nyumbani.

Utabiri ulioshindwa kusafiri

Hapo ndipo kosa kubwa lilipotokea, na inafaa lisimuliwe. Mwezi wa Mei 2020 kundi moja la China lilitangaza kwamba limetumia damu ya wagonjwa 485 wa Wuhan na kompyuta, na kwamba kwa vipimo vitatu tu, LDH, limfosaiti na CRP, linaweza kutabiri nani atakufa zaidi ya siku 10 kabla, na kupatia zaidi ya mara 9 kati ya 10. Habari ilienda mbali. Hospitali zilizoelemewa zilikuwa zinatafuta neno kama hilo.

Lakini waganga wa Uholanzi, Ufaransa na New York walipojaribu kanuni ile ile kwa wagonjwa wao, haikufanya kazi hivyo. Sababu moja ilikuwa wazi. Kanuni ilijengwa kwa damu ya mwisho ya kila mgonjwa, na damu ya mwisho ya mtu anayekufa mara nyingi huchukuliwa siku moja ama mbili kabla ya kifo. Kusema mtu atakufa kesho wakati tayari anakata roho siyo utabiri. Mganga anahitaji kujua siku ya kwanza, mlangoni, wakati kuna jambo la kufanya.

Haikuwa kanuni moja tu. Watafiti wa nchi mbalimbali walipokusanya kanuni za kutabiri Covid-19 zilizochapishwa mwaka huo, walihesabu zaidi ya 200, na karibu zote zilikuwa na kasoro: wagonjwa wachache, hesabu za haraka, hospitali moja tu. Kipimo kilichoshonwa kwa mwili wa mji mmoja hakikuwatosha watu wa mji mwingine.

Kilichosimama kilikuwa cha kawaida zaidi. Uingereza ilikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 57,000 kutoka hospitali 260, na mwezi wa Septemba 2020 ikatoa alama iliyoitwa 4C. Ina mambo 8: umri, jinsia, magonjwa mengine aliyonayo mgonjwa, mapigo ya pumzi kwa dakika, kiwango cha oksijeni, kama ana fahamu timamu, na vipimo viwili tu vya damu, yaani urea na CRP. Mwenye alama 0 hadi 3, aliyekufa alikuwa karibu mmoja kati ya 100. Mwenye alama 15 na zaidi, walikufa 6 kati ya 10. Katika mambo 8, sita hayahitaji sindano kabisa. Muuguzi wa Minova ama Masisi anaweza kuyapata kwa macho, saa na kifaa cha kidole.

Kipimo kinapofungua mlango wa dawa

Utabiri bila dawa ni ramli. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Uingereza, katika uchunguzi ulioitwa RECOVERY, walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumua, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni, haikuwasaidia. Dawa hiyo hiyo inayotuliza vita ya mwili, ikitolewa mapema kwa mtu ambaye mwili wake bado unapigana vizuri, inaweza kumnyang’anya silaha. Hivyo kujua nani amefika wapi kulikuwa na maana ya uhai.

Mwezi wa Februari 2021 uchunguzi huo huo ulitoa jibu la dawa nyingine, tosilizumabu, inayozuia lile baragumu la interleukini-6. Walioingizwa walikuwa na upungufu wa oksijeni na CRP ya 75 ama zaidi. Kati ya waliopewa dawa walikufa 31 kwa 100. Kati ya wasiopewa, 35 kwa 100. Ile protini iliyoonekana New York mwaka 1930 sasa ilikuwa imekuwa ufunguo: namba ikifika hapa, dawa inatoka kabatini. Lakini tosilizumabu ni dawa ghali, na kwa hospitali nyingi za Kongo kabati hilo halikuwa na kitu. Deksamethasoni ilikuwepo. Oksijeni ndiyo ilikuwa shida.

Uchunguzi mmoja wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, uliochapishwa Mei 2021, ulionyesha gharama ya upungufu huo. Wagonjwa wa Covid-19 waliolazwa kwenye vyumba vya mahututi walikuwa 3,140, na karibu nusu yao walikufa ndani ya siku 30. Katika sehemu nyingine za dunia walikufa kama theluthi moja. Kongo haikuwa katika nchi hizo 10, lakini hakuna muuguzi wa hapa aliyeishangaa hesabu hiyo.

Kongo imo ndani ya historia hii

Ni rahisi kuisoma hadithi hii na kufikiri ni ya Wazungu na Wachina tu. Siyo hivyo. Mwaka 1976, profesa Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku, katika Équateur, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu kwa sababu glavu hazikuwepo. Damu ya mtawa mmoja wa misheni ile, iliyopelekwa Ubelgiji, ndiyo iliyosaidia kuutambulisha ugonjwa wa Ebola kwa dunia.

Tena, wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu 2,287 hadi ulipomalizika Juni 2020, Beni, Butembo, Katwa na Mangina zilifanya uchunguzi mkubwa wa dawa ulioitwa PALM. Ebola siyo ugonjwa wa kifua, lakini swali lilikuwa lile lile: damu ya siku ya kwanza inasema nini? Wagonjwa 681 walishiriki. Kwa waliopewa dawa ya mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, wale walioingia na virusi vichache kwenye damu alikufa mmoja kati ya 10. Walioingia na virusi vingi walikufa 7 kati ya 10. Dawa ni ile ile. Na kila siku moja ya kuchelewa kuja iliongeza hatari ya kufa. Walioitoa damu ile walikuwa watu wa Kivu ya Kaskazini, na dunia yote imefaidika nayo.

Covid-19 ilipotangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, maabara ya INRB ndiyo iliyobeba mzigo. Lakini kupima kama mtu ana kirusi ni jambo moja, na kupima kama atazidiwa ni jambo lingine. Hilo la pili linahitaji mashine, dawa za mashine, na umeme usiokatika. Vituo vingi vya vijijini vina hadubini ya malaria, wakati mwingine na kipimo cha sukari, na basi.

Mwisho wa mwaka 2024 jambo hilo lilijitokeza wazi katika eneo la afya la Panzi, jimbo la Kwango. Wasikilizaji wa Bukavu wasichanganye: hii siyo Panzi yao. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba, watu 406 waliugua homa, kikohozi na kushindwa kupumua, na 31 wakafa, wengi wakiwa watoto wadogo. Dunia ikapiga kelele kuhusu “ugonjwa usiojulikana”. Kutoka Kinshasa, barabara ilichukua kama siku mbili, mvua ikinyesha, na hapo Panzi hapakuwa na maabara ya kutosha. Majibu yalipokuja hayakuleta kirusi kipya. Yalileta malaria, virusi vya kawaida vya kifua vikiwemo mafua na Covid-19, na njaa. Watoto waliokufa hawakuuawa na siri. Waliuawa na magonjwa matatu yanayojulikana yaliyokutana ndani ya mwili mmoja mdogo uliokonda.

Familia zilizolala Bulengo, Kanyaruchinya ama Rusayo zinaujua mkutano huo: moshi wa makala ndani ya hema, baridi ya usiku, mbu, na sahani isiyojaa.

Watoto: kipimo kinachotafutwa sasa

Kwa watoto swali lina upande wa pili: je, ni virusi ama bakteria? Uchunguzi mkubwa wa nimonia ya watoto katika nchi saba, ikiwemo Kenya kwenye mji wa Kilifi, ulitoa matokeo mwaka 2019: kwa watoto wasio na virusi vya UKIMWI, karibu 6 kati ya 10 ya nimonia kali ilitokana na virusi. Katika uchunguzi huo CRP ilisaidia. Ikiwa 40 ama zaidi, bakteria walishukiwa zaidi. Ikiwa chini, kirusi. Siyo mizani kamili, lakini inasaidia kutomwaga antibiotiki kwa kila kikohozi.

Jirani kabisa, kwenye hospitali ya Jinja, Uganda, watafiti wamepima damu ya watoto waliolazwa na homa na kukuta kwamba alama moja, iitwayo sTREM-1, inaonyesha mapema nani yuko hatarini kufa, bila kujali kama ni malaria ama nimonia. Lengo ni kupata kipimo cha tone la kidole kama kile cha malaria. TDR ya malaria nayo ilianza hivyo: ilitoka maabara za mbali, leo inapatikana hata kwa mhamasishaji wa kijiji.

Kifaa cha kidole na rangi ya ngozi

Kabla hicho hakijafika, kipo kifaa kinachosoma damu bila kuitoa. Mwaka 1974, Mjapani Takuo Aoyagi alionyesha kwamba mwanga ukipita kwenye mwili unaweza kupima oksijeni ya damu inayodunda. Kutoka kwake kikapatikana kile kifaa kinachobana kidole. Wakati wa Covid-19 kiliokoa watu ambao walikuwa wanaongea vizuri huku oksijeni yao imeshuka.

Kina kasoro ambayo kila muuguzi wa Afrika anapaswa kuijua. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe, kwa sababu ngozi nyeusi inabadilisha mwanga na vifaa vilijaribiwa zaidi kwa weupe. Namba ikisema 93 na mgonjwa anahema kwa shida, aaminiwe mgonjwa. Ni somo lile lile la Wuhan: kipimo kinamjua vizuri yule tu aliyetumika kukitengeneza.

Kinachobaki mikononi mwa familia

Miaka zaidi ya 120 tangu Biernacki alipoiangalia damu inazama, somo la kwanza bado ni la macho. Kwa mtoto, pumzi zihesabiwe dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 na zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 na zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 na zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni za kupelekwa kituoni. Akivuta kifua ndani chini ya mbavu, akishindwa kunyonya ama kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege ama akilegea bila kuamka vizuri, apelekwe bila kungoja asubuhi. Kwa mtu mzima, anayeshindwa kumaliza sentensi bila kupumua, ama anayeanza kuchanganyikiwa, vivyo hivyo. Mzee, mwenye sukari, mwenye presha na mama mwenye mimba wasisubiri siku ya nane.

Na muuguzi akichoma sindano, familia ina haki ya kuuliza: “Munganga, unatafuta nini ndani ya damu hii, na jibu litatoka lini?” Batumbula walizaliwa pale ambapo swali hilo halikujibiwa. Wagonjwa wa New York mwaka 1930, wa Wuhan na wa Beni walitoa kila mmoja kijiko kidogo cha damu, na kwa sababu hiyo leo inajulikana nani wa kuwahishwa. Wagonjwa wawili wa lile benchi bado wanafanana kwa macho. Kitakachowatofautisha ni hesabu ya pumzi, tone moja la damu, na barabara iliyo wazi.